Mashine ya moyo na mapafu: damu hufanywa nini ikitoka kifuani?

Kila mchango wa matibabu ya moyo unapopita huku Kariobangi, swali la pesa hujibiwa kwanza na swali la damu huachwa. Familia huambiwa kwamba moyo utasimamishwa, damu itapitishwa kwenye mashine, kisha moyo utaamshwa tena. Hupewa karatasi watie saini. Maswali huanza wakishafika nje ya lango la hospitali. Hiyo damu ikiwa ndani ya mabomba bado ni damu? Hutiwa nini? Ikirudi mwilini ni ile ile?

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeletwa bara na kazi. Diploma yangu ni ya maabara, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeipitisha nikipima damu za watu. Si daktari wa upasuaji wala sijawahi kuiendesha mashine hiyo. Lakini kemia ya damu naifahamu, na maswali haya yameniandama tangu binti wa jirani yangu hapa Kariobangi South, msichana wa miaka 14, alipoandikiwa kubadilishiwa vali ya moyo. Nimeona niyaandike kwa wasomaji wetu wa Pwani pia, maana ugonjwa huu hauchagui bara wala bahari.

Kwa nini mitaa kama hii? Vali nyingi zinazoharibika kwa watoto wa Afrika Mashariki huharibiwa na homa ya rumatiki, na homa hiyo huanzia kooni. Bakteria wa streptokoki humpa mtoto kidonda cha koo, mwili unajenga kinga ya kupambana nao, kisha kinga hiyo inakosea shabaha na kushambulia vali za moyo. Bakteria hao hupendelea watoto wa kati ya miaka 5 na 15, na hupenda zaidi nyumba ambamo watu 6 hulala chumba kimoja. Anayeijua Kariobangi, Korogocho na Huruma hahitaji kuelezewa zaidi. Koo lingetibiwa mapema kwa penisilini, mambo yasingefika huko. Likipuuzwa mara kadhaa, miaka ikipita mtoto huanza kuhema akipanda ngazi, na safari ya hospitali kubwa huanza: Kenyatta, Mater, Tenwek kule Bomet, Eldoret, au kwa jirani zetu wa Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam.

Sasa mashine yenyewe. Mtu wa kwanza kuitumia kwa mafanikio kwa binadamu alikuwa daktari John Gibbon, mjini Philadelphia, Marekani, tarehe 6 Mei 1953. Mgonjwa alikuwa msichana wa miaka 18 mwenye tundu moyoni, na kwa dakika 26 mashine ilifanya kazi yote ya moyo na mapafu yake. Gibbon na mkewe walikuwa wameihangaikia kwa karibu miaka 20. Za leo ni ndogo na salama kuliko ile, lakini mpango ni ule ule. Bomba moja hutoa damu chafu kabla haijaingia moyoni, damu hukusanyika kwenye chombo, pampu huisukuma ndani ya pafu la bandia, hapo hupewa oksijeni na kupunguziwa kabonidayoksaidi, kisha hurudishwa kwenye mshipa mkuu. Pampu nyingi huminya bomba laini kwa magurudumu yanayozunguka, kama mtu anavyominya mpira wa maji kwa vidole ili maji yasonge mbele. Mafundi wetu wa Light Industries wangeielewa kwa kuitazama mara moja. Kwa mtu mzima hupita kama lita 4 hadi 5 kila dakika.

Upande wa mitambo ndio huo. Damu ni habari nyingine, kwa sababu si maji mekundu ya kusukumwa tu. Ni mchuzi ulio hai, na kila kinachougusa huugeuza.

Badiliko la kwanza ni rahisi kulielewa: damu hutiwa maji. Mabomba hayawezi kuunganishwa na mtu yakiwa yamejaa hewa, kwa hiyo hujazwa kwanza maji ya dripu yenye chumvi zinazokaribiana na za damu. Kwa mtu mzima huwa kama lita 1 hadi lita 1 na nusu. Chukua mgonjwa mwembamba mwenye lita 3 na nusu za damu, na chembe nyekundu ni asilimia 36 ya damu hiyo. Mwongezee lita 1 na nusu ya maji. Chembe ni zile zile lakini sasa zimeenea katika lita 5, basi asilimia inashuka hadi 25 hivi, robo. Ni sawa na kuongeza maji kwenye birika la chai ya rangi: majani hayajapungua, chai imepauka. Damu nyepesi ina faida yake, hasa mwili unapopozwa, kwani damu baridi huwa nzito na hii hupita kwenye mishipa midogo bila shida. Hasara ni kwamba inabeba oksijeni kidogo, na protini zake pia zimepungua. Protini ndizo huyashika maji yasitoke nje ya mishipa. Ndiyo sababu mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji familia hushtuka kumwona amevimba uso na mikono. Wengi hudhani amepigwa au amekosewa dawa. Ni maji yaliyovuja kutoka kwenye mishipa, na kwa kawaida huondoka kwa mkojo siku zinazofuata.

Kwa mtoto mchanga hesabu ni kali zaidi. Mtoto wa kilo 5 ana kama mililita 400 tu za damu, na mabomba peke yake yanaweza kuhitaji kiasi kinachokaribia hicho. Huyo ukimtilia maji matupu umemmaliza, kwa hiyo mashine yake hujazwa pamoja na damu ya mchango. Ukiambiwa ndugu waende kutoa damu kabla ya upasuaji, si urasimu.

Badiliko la pili ndilo lililoleta mjadala nje ya msikiti wetu, nami nitalikalia kidogo.

Damu ikigusa kitu chochote ambacho si ukuta wa mshipa, huganda. Ndivyo ilivyoumbwa, na ndiyo maana ukijikata hufi. Plastiki ya mabomba na nyuzi za pafu la bandia ni vitu vigeni kwake. Bila kuzuiwa, mashine yote ingejaa mabonge ndani ya dakika chache na bonge moja likifika ubongoni ni kiharusi. Kwa hiyo kabla ya kuunganishwa mgonjwa hupewa heparini, uniti 300 hadi 400 kwa kila kilo ya uzito wake. Dawa hii haivunji kitu. Humsaidia mlinzi aliyemo ndani ya damu yetu wenyewe, protini iitwayo antithrombini, afanye kazi kwa kasi ya kama mara 1,000. Kisha tone la damu huwekwa kwenye kifaa kidogo kupima linachukua muda gani kuganda. Kwa mtu wa kawaida ni kama dakika 2 au pungufu. Mgonjwa huyu hangoji hivyo. Wengi hutaka zipite sekunde 480 kabla mashine haijawashwa, na kipimo hurudiwa kila nusu saa hivi mpaka mwisho.

Mama wa yule binti aliniuliza waziwazi: "Kaka, nasikia hiyo dawa yatoka kwa nguruwe. Ni kweli au ni maneno ya watu?"

Ni kweli. Heparini iligunduliwa mwaka 1916 na mwanafunzi wa udaktari huko Baltimore, Jay McLean, alipokuwa akichunguza ini la mbwa. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la ini. Baadaye ilitengenezwa kwa mapafu ya ng'ombe. Ulipozuka ugonjwa wa ng'ombe wazimu, Marekani na Ulaya ziliiacha ile ya ng'ombe, na leo heparini nyingi duniani hutolewa kwenye utando wa utumbo wa nguruwe, sehemu kubwa ikitoka China. Mwaka 2008 heparini iliyochanganywa na kemikali nyingine ya bei rahisi iliua wagonjwa Marekani, na tangu hapo upimaji umekazwa sana. Zipo nchi ambazo bado hutumia ya ng'ombe. Zipo pia dawa nyingine za kuzuia damu kugandana zisizotoka kwa mnyama huyo, lakini kwa mashine ya moyo zina tatizo kubwa: hazina kizimulio. Ukizitia, unangoja mwili uzimalize wenyewe huku kifua kinavuja damu.

Mimi si mufti, na hukumu ya dini huulizwa wenye elimu yake. Ninaloweza kusema ni kwamba swali hili si jipya na halijaachwa bila majibu. Aya za Sura al-Baqara zinazoharamisha nyama ya nguruwe zina ndani yake msamaha kwa aliyelazimika bila kutaka kuasi. Wanazuoni wameujengea mlango wa dharura, na mlango mwingine wa istihala, yaani kitu kilichogeuka kikawa kitu kingine. Mwaka 1995 wanazuoni na madaktari walikutana Kuwait kuyajadili haya haya ya vyakula na dawa. Nilimshauri mzee wa familia aende na swali lake kwa imamu akiwa na jina la dawa, kazi yake, na jibu la daktari kuhusu mbadala. Alikwenda. Karatasi ilitiwa saini wiki ile ile. Kinachoniudhi ni kwamba familia ilikuja kulisikia jambo hili kwa minong'ono, tena siku chache kabla ya upasuaji, ilhali lilipaswa kusemwa mapema na kwa uwazi. Na nyie mnaoandikiwa vali ya tishu, ulizeni pia: nyingine hutengenezwa kwa nguruwe, nyingine kwa ng'ombe, na zipo za chuma.

Upasuaji ukiisha, heparini huzimwa kwa protamini. Hii asili yake ni mbegu za samaki aina ya samoni. Heparini ina chaji hasi, protamini ina chaji chanya, zikikutana hushikana na zote mbili zinaacha kufanya kazi. Hutolewa polepole kwa sababu inaweza kushusha presha ghafla. Ikiwa mgonjwa wenu akila samaki hufura midomo au kutoka vipele, mwambieni daktari wa usingizi kabla ya siku yenyewe. Na vivyo hivyo kwa mwenye kisukari anayejidunga insulini ya maziwamaziwa, kwani aina moja ya insulini hiyo huchanganywa na protamini na mwili unaweza kuwa umeshaizoea vibaya.

Tuingie kwenye hewa. Pafu la bandia ni kifungu cha maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani. Gesi hupita ndani ya nyuzi, damu hupita nje yake, na oksijeni na kabonidayoksaidi hubadilishana kupitia kuta. Ukizitandaza nyuzi zote hupati zaidi ya eneo la kitanda kikubwa, ilhali mapafu yetu yakitandazwa yangejaza nyumba. Mwendesha mashine ana vishikio viwili muhimu. Akiongeza kiwango cha oksijeni kwenye gesi, oksijeni ya damu inapanda. Akiongeza kasi ya gesi yenyewe, kabonidayoksaidi inapeperushwa zaidi.

Hapo ndipo asidi inapoingia. Kabonidayoksaidi ikiyeyuka kwenye damu huwa asidi. Damu ya mtu mzima wa afya hukaa kwenye pH ya 7.35 hadi 7.45, nafasi finyu mno. Gesi ikipeperushwa kupita kiasi, damu inaelekea kwenye alkali, na mishipa ya ubongo husinyaa. Isipopeperushwa vya kutosha, asidi huongezeka na moyo unapoamshwa huwa mzito. Kisha kuna baridi. Katika upasuaji mwingi mwili hupozwa ili usihitaji oksijeni nyingi, na gesi hupenda vitu baridi. Soda baridi hukaa na gesi yake; iache juani pale Mutindwa uone inavyochacha. Damu iliyopozwa nayo huiyeyusha kabonidayoksaidi zaidi, nguvu ya gesi hiyo hupungua, na pH hupanda kama 0.015 kwa kila digrii moja inayoshuka. Damu yenye 7.40 kwa joto la digrii 37 itasoma kama 7.54 ikiwa digrii 28. Je, urekebishe au uiache? Madaktari wamebishana juu ya hili kwa miaka mingi. Kwa watu wazima wengi huachwa hivyo. Kwa watoto wanaopozwa sana, wapo wanaopendelea kuongeza kabonidayoksaidi ili mishipa ya ubongo ibaki wazi. Mara nyingine maabara na chumba cha upasuaji husoma namba mbili tofauti kwa damu moja, na sababu ni hii ya joto.

Namna moyo unavyosimamishwa hunishangaza hata leo. Hautumiwi umeme wala barafu peke yake. Hutumiwa potasiamu, chumvi ile ile iliyomo kwenye ndizi na maji ya dafu. Damuni hukaa kati ya 3.5 na milimoli 5 kwa lita. Maji yanayotiwa kwenye mishipa ya moyo huwa nayo karibu 16 hadi 20. Seli za moyo hushindwa kujichaji upya, moyo unalegea na kutulia tuli, bila kufa. Kwa sababu athari hupungua, mchanganyiko huo mara nyingi hurudiwa kila dakika 20 au 30. Lakini potasiamu hiyo haiyeyuki hewani. Sehemu yake huingia kwenye damu yote, na ikizidi moyo hukataa kuamka vizuri. Basi huondolewa kwa dawa ya mkojo, kwa insulini pamoja na glukosi inayoisukuma ndani ya seli, au kwa kuchuja damu pale pale kwenye mashine. Kisha kesho yake mambo hugeuka: mgonjwa anakojoa sana, potasiamu na magnesiamu zinashuka, na mapigo ya moyo yanavurugika. Ndiyo maana wauguzi wa chumba cha mahututi huchukua damu mara kwa mara hadi ndugu wanalalamika kwamba mtoto anamalizwa damu kwa vipimo.

Kalsiamu nayo hushuka, hasa akiongezwa damu ya mchango, kwa kuwa dawa inayozuia damu ya chupani kuganda huinasa kalsiamu. Sukari hupanda hata kwa asiye na kisukari, kwa sababu mwili uliopasuliwa humwaga homoni za hofu na insulini inakuwa kama haisikiki. Msidhani amepata kisukari siku hiyo. Na kuna laktati, ambayo misuli hutoa ikikosa oksijeni. Kawaida ni chini ya 2. Ikipanda na kuendelea kupanda, ina maana kuna sehemu ya mwili haifikiwi na damu ya kutosha, hata kama presha inaonekana nzuri.

Limebaki la damu kujiona imeingiliwa. Ikigusa plastiki, protini zake za ulinzi huamka zote kwa pamoja, chembe nyeupe humwaga silaha zake, na mwili mzima hujibu kama unaopigana na maambukizi ambayo hayapo. Homa ya siku ya kwanza, presha kuyumba na mapafu kujaa maji kidogo huweza kutokana na hili. Chembe nyekundu nazo hupasuka, zaidi kwenye bomba la kufyonza damu iliyomwagika kifuani kuliko kwenye pampu kubwa, maana huko damu huvutwa pamoja na hewa. Himoglobini iliyotoka nje ya chembe hubebwa na protini maalumu mpaka protini hiyo inapokwisha. Inayobaki hupita kwenye figo, na mkojo huwa na rangi ya chai ya strungi. Ukiuona mfuko wa mkojo hivyo, muulize muuguzi, usinyamaze. Muda kwenye mashine ukiwa mrefu, haya yote huongezeka.

Neno moja kwa watu wa Kilifi, Kwale na wa kando ya Ziwa Victoria, ambako seli mundu ni nyingi. Chembe za mwenye seli mundu hujikunja zikikosa oksijeni, zikikutana na asidi au zikipozwa, na mashine hii inaweza kuleta yote matatu kwa saa moja. Upasuaji unawezekana, lakini hupangwa kwa namna yake: damu hubadilishwa kwanza ili chembe mbovu zipungue, na mwili haupozwi sana. Wapo wanaobeba nusu ya tatizo na hawajui. Kama kuna mtoto yeyote katika ukoo aliyekuwa akiugua mifupa na kuongezwa damu mara kwa mara, semeni siku ya kwanza ya kliniki, hata kama mtoto huyo alishafariki zamani na watu hawapendi kumtaja.

Akishatoka hospitali na vali ya chuma, damu yake itaendelea kufanywa nyepesi kwa warfarini maisha yote, na kipimo chake hupimwa kila mara. Vitamini K iliyomo kwenye sukuma wiki, mchicha na kisamvu huipunguzia dawa hiyo nguvu. Hakatazwi mboga. Anachotakiwa ni kula kiasi kinachokaribiana wiki kwa wiki, asishinde mwezi mzima kwa maharage kisha akala sukuma siku 7 mfululizo. Binti aliyepata mchumba, na wengi huolewa wakingali wanaitumia, amweleze daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 haisimami kwa kuwa vali imebadilishwa. Zile nyingine 3 bado ni zake mwenyewe.